UZI: PC au PS kwa sie wa visiwani? Leo tuache picha, tupige hesabu ya mfuko

Karafuu_Kavu

Assalaam alaykum wakuu. Huku mitaani ubishi wa PC (kompyuta) na PS (PlayStation) haushi na kila ukiusikiliza ni picha na fremu (picha ngapi kwa sekunde) tu, mtu kwao hana hata tivii ya 4K lakini anaitetea 4K kama urithi wa babu yake. Mie naona tunabishania kisichotuhusu. Sie tulioko Unguja na Pemba kukinunua chombo chenyewe ndo kazi ndogo, utacheza upatu, mjomba alieko Maskati atakujazia, kitashuka tu. Kazi hasa inaanza baada ya hapo, gemu utapata wapi na kwa shilingi ngapi, umeme ukikatika itakuwaje, chumvi ya bahari itakiacha salama muda gani, na kikifa fundi yuko wapi.

Niseme kabisa nilipo ili mtu asinitafute: mie niko upande wa PC, ingawa PS4 ipo ndani ya nyumba, wadogo zangu wanaicheza.

Kubwa kwangu ni bei ya gemu. Tangu PS5 itoke mwaka 2020 gemu kubwa jipya limekuwa dola 70, piga kwa shilingi uone, laki na nusu na ushei kwa gemu moja. Kwenye PC likiwa jipya nalo ghali, sikatai, lakini ukisubiri Steam (duka la magemu ya PC la mtandaoni) wakaingia kwenye punguzo unalikuta limeshuka nusu au chini zaidi, na magemu ya zamani ambayo bado mazuri unayapata kwa hela ya chai. Epic, duka jengine la namna hiyo, nao kila wiki wanatoa gemu la bure, Mei 2020 walitoa GTA V bure kabisa na mie hadi leo ndo ninayoicheza hiyo hiyo. Halafu Steam ukinunua gemu likawa baya, ndani ya siku 14 na hujalicheza saa mbili unaregeshewa pesa yako bila kubembelezana na mtu.

La pili kucheza onlaini. PS unalipia intaneti yako mwenyewe halafu unawalipa Sony tena PS Plus, Marekani ile ya chini kabisa ni dola 80 kwa mwaka tangu Septemba 2023. Magemu ya bure kama Fortnite na eFootball hayataki PS Plus, hapo niwatendee haki, lakini FC (gemu la mpira la EA) unayoilipia dola 70 inaitaka. PC huulizwi chochote.

Haya, wa PS karibuni.

Urojo_Moto

Kaka hiyo si posti ni khutba ya Ijumaa 😂😂

Mie suali langu moja tu. Usiku wa Ramadhani watu washatoka tarawehe, mko sita, padi mbili, anaefungwa anainuka, na mnakwenda hivyo hivyo hadi daku. Hiyo PC yako utaichezaje na watu sita? Mjazane chumbani kwako mbele ya kimeza? PS ni ya ukumbini bwana. Kwisha.

Karafuu_Kavu

@Urojo_Moto waya wa HDMI ule ule, tivii ile ile, na padi ya PS4 inashika kwenye PC bila ya tabu. Unaibeba tu unaileta ukumbini.

Urojo_Moto

Utaibeba mara ya kwanza. Ya pili utaona uvivu, ya tatu utasema tuje kesho. Nakujua.

Mwenye_Banda

Wanangu hebu nipisheni na mie niseme kwa sababu hichi ndo kinachonilisha. Nna banda la gemu Jang'ombe, nimeanza na PS2, nikapita PS3, sasa hivi nna PS4 kadhaa na PS5 moja ambayo inakaa pembeni ya kiti changu mwenyewe na ufunguo naulala nao. Hiyo PS2 mnayoicheka ndo mashine iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 155, na mie naamini robo yake ilishushwa bandari ya Malindi 😄

Nilishashauriwa nitie PC bandani. Kijana mmoja alinijia na mahesabu yake mazuri, kompyuta za mtumba bei rahisi, gemu bure, faida nje nje. Nikamwambia wee hujakaa na hawa watoto. Mtoto keshafungwa bao tatu bila, anabonyeza Alt na F4 kwa kidole cha chini huku ananitizama machoni, gemu inafunga, anasema ami kompyuta yako mbovu hii nirudishie mia tano yangu. Utamwambia nini? Mwengine atafungua mambo yake ya aibu, mwengine kachomeka flashi yake ina virusi kutoka skuli. Na ile Windows nayo inangojea saa mbili usiku watu wamejaa mlangoni ndo inakwambia subiri najiapdeti, usizime. PS mtoto akishika padi hana pa kwenda, anacheza au anaondoka.

Na diski. Hili @Karafuu_Kavu umelipita kimya kimya. Diski ya PS4 nnanunua, inanichezea msimu mzima, FC mpya ikitoka namuuzia mtu ile ya zamani au nabadilishana na mwenye banda mwenzangu naongeza kidogo. Gemu lako la Steam utamuuzia nani? Likishaingia kwenye akaunti yako ndo limezikwa humo humo na wewe.

Ubaya wake sasa, maana mie si shabiki, mie mfanyabiashara. Padi. Jamani padi! Zile analogi (vijiti vya kidole gumba) zinaanza kutembea zenyewe, mchezaji anakimbia kulia na hakuna mtu aliegusa kitu, na padi orijino ya PS5 dukani ni laki na nusu huko na inapanda. Feki zinakufa haraka mno, bora upeleke ya zamani kwa fundi akutie analogi mpya. Na PS4 zile za mwanzo zikipata joto feni linalia mpaka wa nje wanajua leo kuna wateja. Mie zangu nafungua nasafisha mara kwa mara, vumbi utalitoa bakuli zima, na mende. Mende wanapenda power supply (kile kisanduku cha umeme cha ndani) ya PS4 kwa sababu ya joto, wanaingia kwenye vile vitundu vya nyuma wanazaliana humo, siku moja unasikia pwah, ndo safari yake.

Mtoto_wa_Wete

Nimecheka hapo kwa Alt F4 😂 hao watoto wa Jang'ombe hawana adabu, kwetu Wete wanazima tu soketi.

Mie nitasema ya Pemba. Huku ukisema PS5 unaonekana unajenga ghorofa. Mie nilichukua kompyuta ya ofisini, zile Dell zilizotumika Ulaya zikaja Darajani, prosesa i5 ya kizazi cha sita, nikaongeza RAM (kumbukumbu) ikawa GB 16, nikaitia SSD (diski ya kasi), halafu kadi ya grafiki GTX 1650 ile fupi. Kwa nini hiyo? Kwa sababu hizi kompyuta za ofisini power supply yake ndogo na haina waya wa ziada wa kadi, na 1650 nyingi zinatosheka na zile wati 75 zinazotoka kwenye bodi penyewe, unachomeka unafunga kifuniko. Ukinunua kadi kubwa kwa tamaa utabaki nayo mkononi. Jumla niliyotumia haikufika nusu ya PS5. PES 2021 (gemu la mpira la Konami) inaruka, GTA V fremu 60, FC nikishusha picha kidogo inakwenda vizuri tu.

Halafu kitu ambacho nyie wa PS hamtokipata hata mkilia ni modi, yaani kulibadilisha gemu mwenyewe. Konami walipoiua PES wakaleta eFootball mwaka 2021, siku ya kwanza ilivyokuwa mbovu nyuso za wachezaji zimepinda mpaka dunia nzima ikacheka, sie wa PC tulibaki na PES 2021 yetu tunaitia pachi, msimu mpya vikosi vipya. Mie mwenyewe nimeitia jezi ya Mlandege, jezi nimeichora usiku kucha, nembo nimeikata kutoka kwenye picha ya simu, kwenye bega ilikuwa inajikunja nikaihamisha hamisha mpaka ikakaa. Sasa hivi Mlandege wanacheza na Real Madrid kwenye uwanja umejaa. Fanya hivyo kwenye PS5 nikuone.

Msimbazi_Damu

Nyie watu wa visiwani mnaleta Mlandege kwenye mambo ya watu wakubwa 🤣🤣

Mtoto_wa_Wete

@Msimbazi_Damu fainali ya Kombe la Mapinduzi 2024 nani alimfunga Simba bao moja? Na 2023 kombe lilikaa kwa nani? Nipo nakusubiri.

Msimbazi_Damu

Turudi kwenye mada. GTA VI tarehe waliyotangaza ni 19 Novemba 2026, PS5 na Xbox Series. PC haijatajwa popote. Nyie wa PC siku hiyo mtakuwa mnafanya nini?

Karafuu_Kavu

Hapo umepiga penyewe na mie sitokubishia. Rockstar wana tabia hiyo tangu zamani, GTA V ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3 na Xbox 360, PC ikapata Aprili 2015. Red Dead 2 kwenye PS na Xbox Oktoba 2018, PC Novemba 2019. Kwa hiyo mtu ambae roho yake ipo GTA VI na hawezi kusubiri, anunue PS5 hata leo asinisikilize mie. Ila nijuavyo Wazenji wengi wataishia kuitizama YouTube siku ya kwanza, kwa sababu ya bando.

Na hapo kwenye bando ndo kwenye kilio. Gemu la siku hizi GB 100 hilo la kawaida, Call of Duty ndo usiseme. PC hakuna diski kabisa, kila kitu unakishusha kwa intaneti. PS angalau diski inabeba sehemu kubwa ya gemu ingawa ukiichomeka tu nayo inaomba apdeti. Mie huwa napeleka PC kwa rafiki yangu ana faiba kazini kwao, naiacha usiku inashusha, asubuhi naifuata. Si kila mtu ana rafiki wa hivyo.

Mtoto_wa_Wete

Sie tunabebeana kwenye hadi diski (hard disk) ya nje. Mmoja akilishusha gemu la Steam anakunakilia folda, wewe kwako unaingia na akaunti yako uliyolinunulia, Steam inalikagua inashusha vile vilivyopungua tu. Hapo nazungumzia magemu ya kununua. Yale mengine mengine sitaki kuulizwa, ila nawaambia tu kwamba jamaa yangu alishusha gemu la kukreki akapata na mgeni ndani yake, akaunti yake ya Facebook ikaanza kuuza miwani.

BintiVikokotoni

Naona kaka zangu mnaandika tu hamujauliza wengine. Mie PC na sibadilishi, na sababu yangu haina ubishi: inajilipa. Natengeneza kadi za harusi na mabango ya maduka, mchana kazi usiku nacheza. Nilipomuomba mama hela ya kuongezea nilimwambia kompyuta ya kusomea na ya kazi, na kweli nimesoma na nimefanya kazi. PS utamwambia mama nini, mama nataka kisanduku cha kumfungia mtu mabao?

Lakini nnacholeta hapa ni jengine, nashangaa hakuna aliesema. Akaunti. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN (mtandao wa PlayStation). Ukifungua akaunti ya PlayStation kwenye nchi hutoiona, ndo maana kila mtu hapa akaunti yake imeandikwa Marekani au Uingereza au Imarati. Kaka yangu PS5 yake imetoka Dubai na diski zake za huko huko, akaunti akafungua ya Marekani kwa sababu ndo alivyoelekezwa dukani. Gemu linacheza vizuri, diski za PS4 na PS5 hazina mpaka. Kununua nyongeza za gemu ndo ikawa vita, ananunua kwenye duka la Marekani kisha gemu haioni kitu, kwa sababu nyongeza lazima ziwe za eneo moja na diski. Hela imekwenda. Na kadi za kujaza pesa vile vile, namba ya kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Imarati. Kwa hiyo nyie mnaoletewa vitu na wajomba, kabla hujafungua akaunti tizama diski zako zimetoka wapi.

Na msidhani PC imesalimika. Mei 2024 Sony walitaka kuwalazimisha wachezaji wa Helldivers 2 wa Steam waunganishe akaunti ya PSN, gemu likatolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haipo, na sie humo humo. Watu wakawajazia malalamiko mpaka wakaregesha nyuma lile sharti. Lakini ushaona, mtu yuko Tokyo anaamua wewe uliopo Vikokotoni ucheze au usicheze.

Urojo_Moto

Dada umeua. Sasa hapo kwenye kadi ndo nimeelewa kwa nini yule jamaa wa dukani aliniambia "kadi yako imeisha muda" na mie nimeinunua siku ile ile 😡

kijana_wa_simu

Nyote mnajitesa. Simu, PPSSPP (app ya kuchezea magemu ya PSP), PES ya PSP, nalala kitandani nacheza. Umeme ukikatika sina habari.

Mwenye_Banda

@kijana_wa_simu wewe ndo unaniua biashara, nakujua.

Lakini umetaja umeme na hilo nalo linataka mtu alieonja. Umeme ukikatika bandani katikati ya mechi ndo utajua tabia za watu, aliokuwa anaongoza anasema mechi imekwisha nilipwe, aliokuwa nyuma anasema tuanze upya. Mie nimeandika ubaoni, ukikatika kabla ya dakika ya 60 mnaanza upya, baada ya hapo matokeo yamesimama. PS4 ukikatika wakati inaandika, ikiwaka tena inakwambia inakagua hifadhi yake, unakaa unaisubiri na roho mkononi. Hard disk zake zimenifia namna hiyo, siku hizi nishazitia SSD zote na stabilaiza ukutani.

Mtoto_wa_Wete

Ami nyie Unguja mnalalamika, sie huku hadi 2010 umeme ulikuwa wa majenereta ya Wesha mpaka waya wa baharini ulipokuja kutoka Tanga.

Mwenye_Banda

Mwanangu 2010 hiyo hiyo sie tumeianza gizani. Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima hakuna umeme, miezi mitatu. Marehemu kaka yangu alikuwa na jenereta dogo, tivii moja na PS2 moja, watu wanakuja kuchaji simu na kucheza bao moja, mafuta yakiisha wanachanga wenyewe bila kuambiwa. PC ya kipindi kile usingeiwasha na lile jenereta, lingezima.

Karafuu_Kavu

Sasa hapo kwenye umeme mie nataka kuingiza kitu, laptopu ya gemu. Hiyo ndo PC yenye UPS (betri ya akiba) tumboni. Umeme unakatika, fremu zinashuka kwa sababu betri haiwezi kuilisha kadi yote, lakini unasevu unazima kwa raha zako. PC ya mezani bila UPS ukikatika umekatika, na PS nayo vivyo hivyo. Kwa matumizi, PS5 ikicheza ni kama wati 200, PC ya mezani yenye kadi kubwa inaweza kula mara mbili yake, mtu mwenye mita ya TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) ukutani ataliona hilo kabla ya mwezi kwisha. Ile Dell ya Mtoto wa Wete inakula kidogo kuliko PS5, kwa hiyo si PC zote.

Ubaya wa laptopu, joto. Nyumba yetu ya bati na hewa ya Kaskazi ile, utakaanga yai.

Koleo_la_Fundi

Nimesoma kimya muda mrefu sasa wacha nifanye kazi yangu. Mie ni fundi, natengeneza vyote viwili, na nawaambia kinachokuja mezani kwangu.

PS4 na PS5 zinazokuja nyingi tundu la HDMI limevunjika. Mtoto anavuta waya, au mashine imesogezwa na waya ukiwemo. Ni kazi ya kuunguza na kuunga upya, si kila fundi anaiweza. PS5 nyengine naletewa imeshafunguliwa na mtu, na hapo ndo nalia, kwa sababu ndani yake juu ya prosesa hakuna ile dawa nyeupe mliyoizoea, kuna madini ya maji, yanapitisha umeme. Asiejua akifungua akayachafua yakagusa bodi, basi tena. Ukitaka kusafisha vumbi, vile vifuniko vya pembeni vinatoka kwa mkono, safisha hapo, ishia hapo hapo.

PC asilimia kubwa wala si ugonjwa. Mtu analeta anasema imekufa haiwaki kioo, mie natoa RAM, naisugua zile meno za dhahabu kwa raba ya penseli mpaka zing'are, naregesha, inawaka. Ni chumvi tu. Mtu anakaa Mazizini au Mkoani upepo wa bahari unaingia dirishani mwaka mzima, unategemea nini. Kadi ya grafiki vile vile. Hili unaweza kulifanya mwenyewe bure, PS huwezi kwa sababu RAM yake imeunganishwa kwenye bodi, na huo ndo mimi naona uzuri wa PC kuliko hizo fremu: inatengenezeka vipande vipande. Kimekufa kipande unabadilisha kipande.

Sasa tahadhari kwa wa mtumba. Kompyuta zinazotoka Marekani, tizama nyuma kwenye power supply, zile za zamani zina kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye soketi yetu, itaripuka mbele ya uso wako na harufu itakaa siku nzima. Sukuma kwenda 230 kwanza.

Na @Mtoto_wa_Wete usiwadanganye watu kwa kunyamaza. i5 ya kizazi cha sita Windows 11 rasmi haiitaki, wanataka kuanzia cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025. Magemu nayo yanaanza kukaza, Battlefield 6 bila Secure Boot (kinga ya kompyuta inapowaka) haifunguki. Kwa PES na GTA V utakaa nayo miaka. Kwa magemu mapya ya onlaini, hiyo mashine safari yake fupi.

Mtoto_wa_Wete

Fundi mie magemu mapya ya onlaini siyataki hata. Seva ziko Dubai na Johannesburg, nikipiga risasi mwenzangu keshaniua keshaondoka. Na kwenye PC wizi umejaa, mtu anakuona nyuma ya ukuta. Hapo PS wametuzidi, mwizi yupo lakini si kwa wingi ule.

Dogo_wa_Chake

Kaka zangu na dada zangu shikamooni. Mie nasoma skuli hapa Chake, nna laki saba nimeziweka, baba amesema akiona PS ndani ya nyumba mie na PS tutalala nje. Kompyuta amekubali. Kuna mtu anauza HP ya ofisini hapa Chake i5 ya kizazi cha nane, anataka laki nne. Naweza kucheza FC? Na mjomba anakuja kutoka Maskati mwezi ujao anaweza kubeba kitu kidogo.

BintiVikokotoni

Marahaba mdogo wangu. Umepata baba mwenye akili, chukua kompyuta.

Urojo_Moto

Marahaba dogo. Mie nasema subiri mpaka uoe ununue PS 😂

Mwenye_Banda

Marahaba mwanangu. Baba akikubali baadae nna PS4 slimu moja naiondoa bandani, haina mende, nakuhakikishia.

Koleo_la_Fundi

@Mwenye_Banda acha mtoto wa watu.

Marahaba dogo. Kizazi cha nane ni bora kuliko ya mwenzako wa Wete, Windows 11 inaingia bila hila. Laki nne mpunguze, anza na laki tatu na nusu. Kabla hujatoa pesa iwashe, iache nusu saa inacheza video, usikilize feni na uguse nyuma kama joto limezidi. Ingia kwenye mipangilio uone RAM ni ngapi na diski ni SSD kweli au hadi diski imepachikwa kibandiko. Pesa ilobaki mjomba akuletee kadi iliyotumika, 1650 isiotaka waya wa ziada, ni kitu cha kutia mfukoni hakimsumbui uwanja wa ndege. FC itacheza kwa picha ya kati.

Lakini kadi hiyo zipo fupi na ndefu, na HP za ofisini zina kasha jembamba na kasha pana. Ukimwagiza ndefu na kasha lako jembamba haitofunga.

Dogo_wa_Chake

Nitajuaje fundi? Yeye anaiuza imesimama tu mezani.

Koleo_la_Fundi

Piga picha mbili. Moja ya nyuma, zile nafasi za kadi zilivyo, moja kibandiko cha power supply kionekane wati. Zitie hapa hapa kwenye uzi au nitumie PM, nikiziona ntakwambia umuagize mjomba ipi.